Arena ni kivutio cha utalii kweli? Tuanzie Kigali

Kila Kigali ikimleta msanii mkubwa, mitandao ya Dar es Salaam na Nairobi huwaka moto. Desemba 2023 alipopanda jukwaani Kendrick Lamar, na Februari 2025 alipofika John Legend, hoja zilikuwa zile zile. Mmoja anasema wenzetu wana arena, tujenge leo na watalii watakuja kesho. Mwingine anasema hizo ni mbwembwe za wakubwa, hela ingeenda hospitali. Wa tatu anauliza kama jengo lenyewe si limeshanunuliwa na benki. Na yupo wa nne, ambaye mara nyingi ndiye anayeshangiliwa zaidi, anayesema uwanja wa Mkapa wa Dar unabeba watu 60,000, sasa kiukumbi cha watu 10,000 cha nini?

Wote wanne wana kipande cha ukweli, ila kila mmoja ana kitu chake kichwani anapotamka neno arena, na hata neno utalii halina maana moja katika ubishi huo. Tukiyaweka sawa maneno hayo mawili, sehemu kubwa ya ubishi inaisha yenyewe.

Arena ni nini hasa

Uwanja wazi kama wa Benjamin Mkapa umejengwa kuzunguka nyasi. Hata ukitumika kwa tamasha, nyasi ndizo bosi: zinafunikwa, zinalindwa, na jukwaa linapangwa kwa namna ambayo mechi ya wiki ijayo haitaharibika. Ukumbi wa mikutano, mfano ule wa Julius Nyerere katikati ya Dar, una jukwaa upande mmoja na viti vinavyolitazama. Arena iko kati ya hivyo viwili. Ina paa, viti vinazunguka pande zote, na sakafu ya katikati haina kazi moja maalumu. Leo kikapu, kesho ngumi, Jumapili ibada, Jumatano mkutano wa kimataifa.

Namna sakafu hiyo inavyobadilika ni jambo la kuangaliwa kwa karibu. Pale Madison Square Garden, New York, jengo lililofunguliwa Februari 1968 juu ya stesheni ya treni ya Penn, timu ya kikapu ya Knicks na timu ya hoki ya barafu ya Rangers zinatumia sakafu moja. Barafu haiyeyushwi kila kikapu kikitaka kuchezwa. Wafanyakazi huifunika kwa mabamba ya kuzuia baridi, kisha juu yake hupanga sakafu ya mbao kipande kwa kipande, kila kipande kikiwa na mahali pake, na kuvifunga pamoja mpaka mpira ukidunda usisikie pengo. Kazi hiyo ni ya saa chache. Kuna siku mchana inachezwa hoki na usiku kikapu, na mtazamaji wa usiku anakaa juu ya barafu bila kuhisi lolote.

Kitu cha pili ni paa, na hiki ndicho watu wengi hawakioni. Msanii wa daraja la juu anazunguka na tani nyingi za spika, taa na skrini, na sehemu kubwa ya mzigo huo haisimamishwi chini. Inaning'inizwa. Kwa hiyo chuma cha paa la arena kinapigiwa hesabu tangu mwanzo kibebe mzigo wa ziada, na malori yanahitaji mlango wa kuingia hadi karibu na jukwaa ili vifaa vishushwe asubuhi, show ipigwe usiku, na alfajiri msafara uwe njiani. Uwanja wa mpira haukujengwa hivyo. Ukitaka kuleta show ya aina hiyo Mkapa, unalazimika kujenga kwanza jengo ndani ya jengo, halafu unaomba Mungu masika yasishuke usiku ule.

Ndiyo maana hoja ya "Mkapa ni kubwa zaidi" haigongi penyewe. Viti 10,000 chini ya paa vinaweza kutumika usiku wowote wa mwaka. Viti 60,000 juani vinajaa mara chache, kwa mechi kubwa za watani na za timu ya taifa.

Hatukosi kabisa viwanja vya ndani, tuseme ukweli. Dar kuna Uwanja wa Ndani wa Taifa. Nairobi kuna ule wa Kasarani, uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Kampala kuna Lugogo. Vyote vimefanya kazi yake na voliboli bado inachezwa humo. Ila vilijengwa kwa ajili ya michezo, katika zama ambazo hakuna aliyefikiria skrini ya ghorofa mbili ikining'inia kutoka kwenye dari.

Na kivutio cha utalii?

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo. Jengo linaweza kuvutia wageni kwa njia mbili.

Njia ya kwanza, mtu anakwenda kuliona lenyewe. KICC ya Nairobi ni mfano tulio nao jirani: jengo la mikutano la mwaka 1973, lakini wageni hulipia kupanda hadi juu kabisa, kuutazama mji na kupiga picha, hata siku ambayo hakuna mkutano wowote. Njia ya pili, mtu anakwenda kwa sababu ya kinachotokea ndani. Jengo kwake ni mlango tu wa kupitia. Tukio likiisha, hana sababu ya kurudi mpaka litangazwe lingine.

Arena karibu zote duniani ziko kwenye kundi la pili. Nenda Remera, Kigali, Jumanne isiyo na tukio, usimame mbele ya BK Arena, ndiyo hiyo arena ya Kigali tunayoibishania. Utapiga picha moja, mbili, na habari itakuwa imeisha. Rudi Jumamosi yenye fainali ya kikapu, eneo lile lile halitambuliki.

Zipo zinazovuka mstari. Ya Las Vegas inayoitwa Sphere, iliyofunguliwa Septemba 2023 kwa gharama ya dola bilioni 2.3, ni duara kubwa ambalo ngozi yake yote ya nje ni skrini. Watu wanasimama barabarani kuitazama bure. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa London, kwa sababu ulianza kwa aibu.

Mwaka 2000 Waingereza walifungua Millennium Dome huko Greenwich, hema kubwa jeupe lenye kipenyo cha mita 365, lililoshikiliwa na nguzo 12 za njano zinazochomoza angani. Lilijengwa kwa maonyesho ya mwaka mmoja ya kuikaribisha milenia. Wakubwa walitabiri wageni milioni 12. Wakaja kama milioni 6 na nusu. Sasa hiyo si idadi ya kuchekwa hata kidogo, lakini ukishaahidi milioni 12, milioni 6 na nusu ni msiba, na magazeti ya Uingereza hayana huruma. Desemba 31, 2000 milango ikafungwa, na kwa miaka kadhaa hema likakaa hivyo hivyo, watu wakilitaja kama mfano wa fedha ya umma iliyotupwa mtoni.

Kilichoigeuza hadithi hakikuwa kubomoa na kujenga upya. Ndani ya hema lile lile ikajengwa arena ya watu wapatao 20,000, kuizunguka wakaweka migahawa na sinema, na Juni 2007 likafunguliwa kwa jina la The O2. Nyota wa muziki wakaanza kupishana. Mwaka 2012 wakaongeza jambo moja la ujanja: njia ya kutembea juu ya paa. Mgeni anavaa mkanda wa usalama, anapanda hema hadi kileleni, mita 52 kutoka chini, anautazama mto Thames, anashuka. Analipa bila kusikia wimbo hata mmoja. Jengo lililoshindwa kama kivutio cha kutazama likawa kivutio cha matukio kwanza, na baada ya hapo tu ndipo likapata nguvu ya kutazamwa tena. Anayedhani ataanza na umbo zuri halafu matukio yatafuata, aikumbuke ile miaka ya hema kukaa kimya.

Kigali walifanya nini

Ujenzi wa BK Arena ulianza mapema 2019, na Agosti 9 mwaka huo huo Rais Paul Kagame akaifungua. Miezi sita na ushee. Kasi hiyo imezaa uvumi wake, kwamba jengo la haraka namna ile lazima litakuwa bovu. Si lazima. Kampuni ya Summa ya Uturuki iliyolijenga ilikuwa imetoka tu kukamilisha Dakar Arena ya Senegal, yenye viti 15,000, mwaka mmoja kabla. Jengo la aina hii ni chuma kingi kinachokatwa kiwandani na kuja kuunganishwa eneo la ujenzi. Mkandarasi aliyelifanya jana anakwenda mbio leo. Gharama ilizidi dola milioni 100, na hilo ndilo la kujadili, maana kwa nchi yoyote ya ukanda wetu hizo si fedha za kuchezea.

Wakati wenyewe ulikuwa mzuri. Mapema 2019 ilitangazwa kwamba kungekuwa na ligi mpya ya kikapu ya bara zima, BAL, chini ya NBA na shirikisho la kikapu duniani, na Kigali ilitaka awamu za mwisho zichezwe kwake. Korona ikavuruga ratiba ya 2020. Mei 2021 msimu wa kwanza ukachezwa wote Kigali, timu 12, na Zamalek ya Misri wakachukua kombe. Rapa J. Cole alichezea timu ya Patriots ya Rwanda mechi chache, na kwa siku hizo vijana wa Marekani waliokuwa hawajui Rwanda iko upande gani wa ramani wakawa wanatafuta matokeo ya Kigali kwenye simu zao.

Kisha angalia kilichofuata. AfroBasket, yaani kombe la kikapu la mataifa ya Afrika, kwa wanaume, Agosti na Septemba 2021. Voliboli ya Afrika, mwezi huo huo wa Septemba. Mkutano mkuu wa FIFA, Machi 2023, uliowaleta wajumbe wa vyama vya soka vya dunia nzima. AfroBasket ya wanawake, kiangazi cha mwaka huo. Tuzo za Trace, za muziki wa Afrika, Oktoba. Kendrick, Desemba. Aprili 7, 2024, kumbukumbu ya miaka 30 ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, viongozi wa nchi nyingi wakiwa wamekaa katika viti vile vile vya mashabiki wa kikapu.

Ukiitazama orodha hiyo utaona muziki si sehemu kubwa. Sisi tunaisikia arena pale msanii anapokuja, lakini kwa hesabu ya vitanda vya hoteli, mkutano wa FIFA unamzidi msanii yeyote. Shabiki wa muziki anatoka Kampala kwa basi Ijumaa, analala kwa rafiki, Jumapili amerudi. Mjumbe wa mkutano anakaa siku nne au tano, hoteli nzuri, kwa gharama ya chama chake.

Na jengo halikuja peke yake. Rwanda ilianzisha ofisi maalumu ya kutafuta mikutano ya kimataifa tangu 2014, ikakamilisha Kigali Convention Centre mwaka 2016, ikalegeza viza. Mwaka 2017 bei ya kibali cha kuwaona sokwe wa milimani ilipopandishwa kutoka dola 750 hadi 1,500, waliokuja kwa mikutano waliwekewa punguzo la asilimia 15. Kwa hiyo aliyekuja kwa kikao cha siku tatu anashawishiwa aongeze siku mbili, aende Musanze kwenye sokwe, alipe huko pia. Hapo ndipo neno utalii linapopata uzito: tukio linamleta mtu, na sababu nyingine inambakiza.

Hela inapitia wapi

Tuchukue ukumbi wa harusi mtaani kwako. Jumamosi umejaa, Jumatatu hadi Alhamisi mlinzi anasinzia getini. Mwenye ukumbi hapati michango ya harusi. Anapata kodi ya ukumbi, labda na sehemu ya vinywaji. Michango inakwenda kwa kamati, na kamati inawalipa MC, mpambaji, mpishi na mpiga picha. Nje ya geti kuna saluni, fundi wa suti, bodaboda, muuza chipsi wa usiku wa manane. Hao hawajalipia tofali hata moja la ukumbi, lakini Jumamosi ni siku yao.

Arena ni hivyo hivyo, kwa ukubwa mwingine. Fedha ya tiketi kwa sehemu kubwa ni ya promota, na promota anamlipa msanii, ambaye kesho yake anapanda ndege na hela yake. Arena inabaki na kodi, chakula na vinywaji, maegesho, vyumba vya watu maalumu vinavyokodishwa na makampuni, na matangazo. Kutoka hapo inalipa umeme, walinzi, bima, usafi na matengenezo. Zikipatikana siku nyingi zenye tukio, inajiendesha. Zikikosekana, serikali inaingia mfukoni. Kurudisha ile milioni 100 ya ujenzi kwa tiketi ni hesabu nyingine kabisa, na ukimsikia mtu akiahidi hivyo, muombe akuonyeshe kalenda yake.

Basi faida ya mji iko nje ya geti: hoteli, teksi, migahawa. Hapa napo pana mtego ambao wachumi wa Marekani wameuchunguza kwa miongo, maana kule miji hujengea timu viwanja kwa fedha ya umma. Mara nyingi wamekuta uchumi wa mji haukui kama ulivyoahidiwa. Sababu kubwa ni rahisi. Mkazi wa Kimironko, mtaa wa Kigali, aliyelipa tiketi leo ametoa hela ambayo angeila kwenye nyama choma Jumamosi hiyo hiyo. Imehama mtaa tu. Hela mpya kwa mji ni ya yule aliyetoka Bujumbura, Nairobi au Brussels, ambaye pasipo tukio asingekuja. Na huyo naye anaweza kumfukuza mwingine: hoteli zikijaa na bei zikipaa, mtalii wa kawaida anaahirisha safari.

Kwa hiyo "watu 10,000 walihudhuria" ni habari ya burudani. Swali la utalii ni wangapi kati yao walilala, na usiku mingapi.

Benki haikununua jengo

Hili lilichanganya wengi mwaka 2022, Kigali Arena ilipogeuka ghafla kuwa BK Arena. Kilichouzwa ni haki ya jina. Benki ya Kigali ilisaini mkataba wa miaka 6 na QA Venue Solutions, kampuni inayoliendesha jengo, kwa kiasi kilichotajwa kuwa karibu dola milioni 7. Mkataba ukiisha bila kuongezwa, jina linatoka na jengo linabaki pale pale, mali ya serikali ya Rwanda.

Majina haya yana mipaka yake. The O2 ni jina la kampuni ya simu. Ilipofika Olimpiki ya London 2012, kamati ya Olimpiki hairuhusu wadhamini wasio wake, basi kwa muda wa michezo jengo likaitwa North Greenwich Arena, gimnastiki na fainali za kikapu zikachezwa chini ya jina hilo, michezo ikaisha, jina likarudi.

Kwa wenye wivu wa jina la taifa, nadhani dola milioni kwa mwaka kwa ajili ya herufi mbili ukutani ni biashara nzuri. Inalipia umeme wa usiku mwingi sana.

Matukio yana miguu

Tuzo za Trace zilifanyika Kigali Oktoba 2023, kwa fahari kubwa. Toleo lililofuata, Februari 2025, zikaenda Zanzibar. Zanzibar haina arena. Zilifanyika hotelini, The Mora, kando ya bahari, jukwaa likapandishwa kwa ajili ya siku hiyo. Mwaka huo huo fainali za BAL, ligi ile ile iliyoanzia Kigali, zikachezwa Pretoria, Afrika Kusini.

Sisemi Kigali imepoteza. Michezo ya kundi moja la BAL ilibaki kwake. Nasema jengo haliwezi kulifunga tukio kamba. Mwenye tukio anahama akipata mji unaompa masharti bora au mandhari mapya, na arena ya jana inabaki kutafuta mteja mwingine. Watanzania tunaodai kwamba bila arena hatupati kitu tuutazame mfano wa Zanzibar tena: bahari na vitanda vilitosha kuvuta tuzo za bara zima kutoka kwenye jengo la dola milioni 100. Kwa usiku mmoja. Kwa mashindano ya wiki mbili ya kikapu isingewezekana.

Siasa nazo zina mkono. Arena ilipofunguliwa Agosti 2019, mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulikuwa na mgogoro uliodumu hadi Januari 2022, na Kampala ndiyo soko la karibu zaidi la mashabiki wa barabarani. Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka wake na Rwanda. Mwanzoni mwa 2025 waasi wa M23 walipoiteka Goma, mashariki mwa Kongo, mwimbaji Tems wa Nigeria alifuta tamasha lake la Kigali lililopangwa Machi, akisema hakujua hali ilivyo na hataki aonekane hajali mateso ya watu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kuwa Rwanda inawasaidia waasi hao, Kigali inakanusha. John Legend alisukumwa afanye kama Tems, akakataa, akapiga show yake. Kwa ndugu zetu wa Goma na Bukavu, ambao wangeweza kuwa wateja wa jirani kabisa wa jengo lile, mjadala huu haukuwa wa burudani hata kidogo. Wanaosema matukio makubwa hutumika kuisafisha sura ya serikali wana hoja, na wanaosema msanii asiwaadhibu mashabiki kwa makosa ya wakubwa nao wana yao. Mpangaji wa utalii, kwa upande wake, anaona jambo moja kavu: kalenda iliyojengwa kwa miaka inaweza kutobolewa ndani ya wiki.

Je, Dar na Nairobi wajenge?

Mimi naona wajenge, ila kwa sababu tofauti na ile inayotajwa sana.

Kendrick na John Legend waliletwa na mpango wa Move Afrika wa shirika la Global Citizen, ambalo liliahidi kuja Rwanda kila mwaka kwa miaka 5 na kuunganisha miji mingine njiani. John Legend alitoka Kigali akaenda Lagos. Nia yao ni kutengeneza mzunguko. Msanii anayezunguka Ulaya anapiga Paris leo, Brussels kesho, Amsterdam keshokutwa, malori yanamfuata usiku. Gharama ya msafara inagawanywa kwa show nyingi. Akija kwetu kwa mji mmoja, gharama yote inaangukia tiketi za mji huo, au mfadhili, au serikali. Zikiwepo arena Kigali, Nairobi, Dar na Kampala, safari moja inakuwa show nne. Ushindani ule tunaoufanya mtandaoni, wa nani amemzidi nani, ni wa bure. Kigali inahitaji Dar iwe na jengo.

Mahali pa kujenga ndiko kwenye kazi. Dakar Arena ni kubwa kuliko ya Kigali, lakini imewekwa Diamniadio, mji mpya ulio kama kilomita 30 nje ya Dakar, na treni ya abiria kutoka mjini ilianza kazi mwishoni mwa 2021, miaka mitatu baada ya arena kufunguliwa. Mgeni wa Dakar hapiti pale kwa bahati. BK Arena iko Remera, dakika chache kutoka uwanja wa ndege wa Kanombe, ubavuni mwa Uwanja wa Amahoro ambao umekarabatiwa na kufunguliwa upya Julai 2024 ukiwa na viti 45,000. Mwaka 2025 pembeni yake ikafunguliwa Zaria Court ya Masai Ujiri, yule kigogo wa kikapu ambaye mama yake ni Mkenya: hoteli, migahawa, kiwanja kidogo cha michezo. Ukitoka kwenye mechi unatembea kwa miguu hadi Gisimenti, mtaa wa baa na mishikaki ambao hufungiwa magari mwishoni mwa wiki, na ukichoka kuna pikipiki za abiria kila kona, abiria akipewa helmeti. Hela ya mgeni inaangushwa njiani kabla hajafika kitandani.

Mchoro wa arena ya Dar ukitolewa, na wizara imeshaitaja mipango ya namna hiyo, nitaanza kuutazama pembeni kabla ya katikati. Mabasi ya mwendokasi yanapita wapi? Hoteli ya kawaida, si ya nyota tano, iko umbali gani kwa miguu? Mama lishe amewekewa sehemu au amefutwa kabisa kwenye picha? Na show ikiisha saa 6 usiku, shabiki wa Mbagala au Kimara anarudi na nini, maana watu 15,000 wote hawawezi kuita bajaji kwa wakati mmoja.